Adui Asiyeonekana wa Wapagazi: Habari za Vita vya 1917 Katika Nchi ya Ruangwa na Nachingwea

Yuko mzee mmoja katika kijiji ninachofundisha, upande wa Ruangwa, ambaye kila afikapo barazani hutusimulia habari alizopokea kwa babu yake za vita vya Wadachi na Waingereza. Husema ya kuwa wapagazi wa Waingereza walipopita nchi hii walikuwa wengi kama siafu, nao walikufa njiani bila jeraha la risasi wala la mkuki. Walishikwa na tumbo, wakaharisha damu, na baada ya siku chache wakazikwa kando ya njia. Nalipomwuliza sababu ya vifo vile alijibu pasipo kusita: "Mwalimu, wazee wetu walivitia dawa visima. Mgeni akinywa hufa, mwenyeji akinywa haimdhuru."

Kwa muda mrefu naliyasikia maneno hayo kama hadithi ya kupitishia jioni. Lakini katika kiangazi cha mwaka jana watoto watatu wa nyumba moja waliharisha damu, na mmoja wao akafariki. Matanga yalipokwisha, watu walianza kunong'onezana juu ya mama mmoja mkongwe, mjane, aliyekuwa na desturi ya kuwapa watoto wale maji ya mtungi wake watokapo shuleni. Yeye mwenyewe hakuugua. Basi hoja ikawa ile ile ya mzee wetu: anywaye asidhurike ndiye aliyetia dawa. Tangu siku zile mama yule huenda kisimani alfajiri kabla watu hawajaamka, asije akakutana na mtu. Ndipo nalipoona ya kuwa hadithi ya vita haijamaliza kazi yake, nikaanza kutafuta vitabuni ni kitu gani hasa kilichowaua wapagazi.

Vita vile vilianza mwezi wa Agosti 1914. Hata katikati ya mwaka 1917 majeshi ya Wadachi, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, yalikuwa yamesukumwa mpaka pembe hii ya kusini. Mkuu wa majeshi ya Waingereza alikuwa Jenerali van Deventer, Kaburu wa Afrika ya Kusini. Yeye alituma safu mbili, moja kutoka Kilwa na moja kutoka Lindi, ili zimbane adui katikati. Safu ya Kilwa ilifuata bonde la Mbwemkuru, ikapita nchi ya Ruangwa, na mwezi wa Oktoba ikaingia Ruponda, ambayo sasa imo katika wilaya ya Nachingwea, ikaendelea mpaka misheni ya Lukuledi. Safu ya Lindi ilipanda kwa bonde la mto Lukuledi, na huko Mahiwa, karibu na Nyangao, wakapigana siku nne, tarehe 15 hata 18 Oktoba 1917. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa, nao Wadachi walipoteza wachache kuliko hao, ila hawakuwa na wengine wa kuwajaza mahali pao. Tarehe 25 Novemba Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma huko Ngomano akaingia nchi ya Wareno.

Hayo ndiyo yanayoandikwa sana. Habari za wapagazi mtu hana budi kuzitafuta kwa bidii, nazo hupatikana vipande vipande.

Sababu ya kuwako wapagazi ilikuwa mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliletwa kwa maelfu, wakafa kwa maelfu. Motokaa zilikwama matopeni wakati wa masika na mchangani wakati wa kiangazi. Ikabaki kichwa cha mtu. Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 50 au 60, na kwa kuwa yeye naye hula, sehemu ya mizigo ilikuwa chakula cha wachukuzi wenyewe. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na pwani ndivyo ilivyohitaji watu wengi zaidi ili kumlisha askari mmoja aliye mbele. Mwezi wa Machi 1917 John Ainsworth alipewa kazi ya kukusanya watu wengi upesi katika nchi iitwayo sasa Kenya, nao walikamatwa vijijini wapende wasipende. Wengine walitolewa Uganda, Nyasa na Unguja, na wengine wengi katika nchi yetu hii hii. Mkuu wa kikosi hicho, Oscar Watkins, alipigania mara nyingi watu wake wapewe chakula bora na matibabu, wala hakusikilizwa upesi. Askofu Frank Weston wa Unguja naye aliongoza wapagazi wa kisiwa chake bara mwaka 1916, akienda kwa miguu pamoja nao. Jina la kikosi kile kwa Kiingereza ndilo lililogeuka vinywani mwa watu likawa Kariakoo, nalo limebaki katika mji wa Dar es Salaam mpaka leo. Wengi wanunuao vitunguu pale hawajui ya kuwa wanatamka jina la jeshi la wachukuzi.

Wangapi walikufa? Hesabu ya serikali ya Waingereza yenyewe ilizidi 40,000, na waandishi wa historia waliochungua baadaye wameona ya kuwa walikaribia 100,000. Wapagazi wa Wadachi hawakuhesabiwa vizuri na mtu ye yote. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache sana. Wengi mno walikufa kwa maradhi, na katika maradhi hayo kuhara damu ndiko kulikotangulia, pamoja na malaria na homa ya mapafu.

Sasa msomaji na afikiri hali ya njia ile mwezi wa Oktoba. Sisi tuishio huku twaujua mwezi huo: mito imekauka, watu huchimba mchangani mpaka maji yatoke kidogo kidogo, tena ya rangi. Hebu lete watu maelfu na maelfu penye mchanga ule. Hawana vyoo, hawana nafasi ya kuchagua mahali, wamechoka, wengine wameanza kuharisha. Waliotangulia hujisaidia ukingoni. Wafuatao siku ya pili huchimba maji papo hapo. Chakula chao kilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi haukusagwa vizuri, nao waliupika upesi bila kuni za kutosha. Watu wa nchi za milimani waliozoea viazi na maharagwe matumbo yao yaliudhika sana kwa unga ule mbichi. Hakuna haja ya dawa ya mganga hapo.

Lakini tumbo kuudhika si kuhara damu. Kuhara damu kuna chanzo chake, na chanzo hicho ni kiumbe hai. Tena ni vyanzo viwili vikubwa, ambavyo madaktari wa vita ile walikwisha kuvijua. Cha kwanza ni bakteria aliyegunduliwa na Mjapani Kiyoshi Shiga mwaka 1897. Huyu hushika watu upesi, siku moja hata tatu, na wengi kwa pamoja. Cha pili ni mdudu aitwaye amiba. Wapagazi waliuawa na wote wawili, nami sidai ya kuwa twaweza leo kugawanya makaburi yale tuseme haya ni ya huyu na haya ni ya yule. Nitaeleza zaidi habari za amiba, kwa sababu tabia yake ndiyo inayofumbua fumbo la mzee wetu.

Mtu wa kwanza kuona kijidudu cha namna hii katika tumbo la mtu alikuwa Mholanzi Leeuwenhoek, fundi wa kusugua vioo, ambaye mwaka 1681 alitazama choo chake mwenyewe alipokuwa akiharisha, akaona viumbe vidogo vikiogelea. Wataalamu husema alivyoviona ni Giardia, ndugu wa mbali wa amiba katika ubaya. Amiba mwenyewe alionekana mwaka 1875 katika mji wa St. Petersburg, nchi ya Urusi, ambapo daktari Lösch alimtibu mkulima mmoja aliyeharisha damu. Lösch alimwona mdudu, hata akamtia mbwa ugonjwa kwa choo cha mkulima yule, lakini hakuthubutu kusema ya kuwa mdudu ndiye chanzo. Mwaka 1883 Robert Koch, ambaye baadaye alifika Dar es Salaam kuchungua maradhi ya nchi yetu, aliwaona amiba katika vidonda vya matumbo ya maiti huko Misri. Mwaka 1903 Mdachi Schaudinn akampa jina la kitaalamu ambalo maana yake ni myeyusha nyama, Entamoeba histolytica.

Jinsi afanyavyo kazi ni hivi. Amiba anapotoka nje ya mwili wa mtu hujifungia ndani ya kifuko kigumu, kidogo hata vifuko 80 vikipangwa mstari mmoja havizidi urefu wa milimita moja. Ndani ya kifuko hicho huweza kukaa majini au katika udongo wenye unyevu siku nyingi. Jua kali likimkausha hufa, na maji yakichemka hufa mara moja. Lakini katika kisima chenye kivuli yu salama. Mtu akinywa maji yale, au akila kwa mkono mchafu, kifuko hupita tumboni pasipo kudhurika kwa ukali wa maji ya tumbo, kikapasuka katika utumbo mwembamba, na kutoka kifuko kimoja huzaliwa amiba wanane wadogo. Hao hushuka mpaka utumbo mpana, ndiko kwao.

Mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo mno viitwavyo seli, mfano wa sega la asali. Ukuta wa ndani wa utumbo ni safu moja ya seli hizo, umepakwa ute juu yake kama nyumba ilivyokandikwa udongo. Kazi ya utumbo mpana ni kuyarudisha maji mwilini yasipotee. Mara nyingi amiba hukaa juu ya ute ule akila bakteria, wala mwenye tumbo hana habari. Lakini pengine huuyeyusha ule ute, akaifikia seli yenyewe, akaikamata kwa kitu kilicho kama gundi juu ya ngozi yake. Zamani wataalamu walidhani humwaga sumu tu, seli ikafa, ndipo akaila. Mwaka 2014 wachunguzi wa Marekani walitazama kwa darubini kali wakaona jambo jingine: amiba huimega seli ingali hai, kipande kwa kipande, kama panya amegavyo muhogo shambani. Seli ikiisha kufa kwa kumegwa, huiacha, akaenda kwa jirani yake. Ukuta ukibomoka hivyo hufanyika kidonda, mdomo wake mwembamba na chini kipana kama chupa. Damu na ute hutoka, maji hayarudi tena mwilini. Wengine hupita kwa mishipa ya damu mpaka kwenye ini wakafanya jipu.

Basi ni kwa nini mgeni afe na mwenyeji asiugue? Mwaka 1913 madaktari wawili, Walker na Sellards, walifanya jaribio huko Manila katika visiwa vya Filipino. Waliwapa wafungwa 20, waliokubali, vidonge vyenye amiba hawa. (Mimi sipendi habari ya kujaribu maradhi kwa wafungwa, maana mfungwa hukubali mengi, lakini jibu lililopatikana hatuwezi kulificha.) Watu 18 kati yao walipata amiba matumboni, lakini walioharisha damu walikuwa 4 tu. Wale 14 waliendelea na kazi zao wakiwa wazima, nao wakitoa vifuko katika choo chao. Tena hao wanne hawakuugua siku ile. Waliugua baada ya siku 20 hata 95.

Mambo mawili yatoka hapo. La kwanza, mtu mzima kabisa aweza kuchukua amiba na kumpa mwingine asijue. La pili, mpagazi aliyeanguka Ruponda kwa kuhara damu ya amiba pengine alikunywa maji yake Kilwa, au kambini alikotoka mwezi mzima nyuma. Kisima kilichokuwa karibu naye alipoanguka ndicho kilichoshtakiwa, kumbe kilikuwa shahidi tu. Nalimweleza mzee wetu jambo hili, naye alinyamaza kidogo akasema, "Basi walikuja nacho." Nikamjibu, "Wengine walikuja nacho, mzee wangu, na wengine walikikuta hapa."

Mwaka 1925 Mfaransa Brumpt alisema ya kuwa amiba ni wawili wafananao kama mapacha, mmoja mwenye madhara na mwingine mpole. Wenzake hawakumsadiki. Ilikuwa mpaka mwaka 1993 ndipo jambo hilo lilipokubaliwa, kwa kuchungua mambo yaliyo ndani kabisa ya viumbe hao. Kwa darubini ya kawaida ya zahanati hawawezi kutambulikana, isipokuwa yule mwovu akionekana amemeza chembe za damu.

Dawa ya kwanza ya kweli ilikuwa emetini, itokanayo na mzizi wa mmea wa Brazil. Leonard Rogers wa Calcutta alionyesha mwaka 1912 ya kuwa ikichomwa kwa sindano huwaponya wagonjwa wa amiba. Ila ni dawa kali, hudhuru moyo. Kwa hiyo vita vya 1917 vilipopita huku dawa ilikuwako duniani, lakini dawa iliyo hospitali ya pwani haimfai mtu alalaye kichakani Ruangwa. Miaka mingi ilipita kabla wilaya hizi hazijapata hospitali za kutegemewa. Msomaji wa Nachingwea ataikumbuka Mnero, hospitali ya misheni ya Wabenediktini, ambako Dakta Leader Stirling alihamia mwaka 1949 akatibu watu miaka mingi, kabla ya kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania tangu 1975 hata 1980. Mwaka 1966 madaktari wa Durban walionyesha ya kuwa metronidazole, dawa ya kumeza tu, humuua amiba wa utumboni na wa kwenye ini pia.

Dawa hiyo ndiyo ile watu waiitayo Flagyl, na hapa sina budi kunung'unika kidogo. Siku hizi mtoto akiharisha, hata bila damu, mzazi hukimbilia dukani akanunua vidonge vinne vya Flagyl, akampa viwili na kuweka viwili. Lakini kuhara si ugonjwa mmoja. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa watoto zaidi ya 22,000 katika nchi saba za Afrika na Asia, zikiwamo jirani zetu Kenya na Msumbiji. Katika watoto wasiotimiza mwaka mmoja, chanzo cha kwanza cha kuhara kukali kilikuwa kirusi kiitwacho rota, na cha pili kijidudu kiitwacho kriptosporidi, ambaye Flagyl haimwui. Huyo naye ana ujanja wake. Amiba huimega seli kutoka nje. Kriptosporidi huingia ukingoni mwa seli, akajifunika kwa ngozi ya seli yenyewe, asizame ndani kabisa: kama mgeni aliyeingia ukumbini akafunga mlango, wala hakuingia chumbani. Humo hula na kuzaana, na vinyweleo vya seli vinavyofyonza chakula na maji hukatika. Alionekana kwanza katika panya mwaka 1907, na katika watu mwaka 1976 tu. Dawa itiwayo majini ili kuyasafisha haimwui upesi. Mwaka 1993 aliugulisha watu yapata 400,000 katika mji wa Milwaukee, Marekani, mji wenye mabomba na mitambo ya kuchujia maji. Mtoto wa namna hiyo huokolewa kwa kurudishiwa maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari kwa kipimo, na kwa madini ya zinki, na mama yake asiache kumnyonyesha.

Sasa nirudi kwa mama yule mjane. Nalipokwisha kusoma hayo nalifurahi, nikidhani nimepata maneno ya kumtetea: maji yake hayakuwa na dawa. Usiku nikafikiri tena, furaha ikanitoka. Kwa maana nikisema barazani ya kuwa mtu mzima aweza kuchukua ugonjwa asiugue, watu watasema, "Kumbe ni yeye kweli," nami nitakuwa nimemwondolea mashtaka ya uchawi na kumtwisha mengine. Nalikaa na jambo hilo yapata majuma mawili.

Mwishoni naliamua kwenda zahanati, si pamoja naye, bali peke yangu, mtu nisiyekumbuka kuharisha damu tangu utoto. Mpimaji alitazama choo changu kwa darubini, kisha akaniita nitazame mwenyewe. Naliona viduara vidogo vyenye mng'ao, na ndani ya kimoja alinihesabia viini vinne. Alisema hawezi kujua kama ni yule mwovu au pacha wake mpole, akanipa dawa. Nalimwomba cheti cha kipimo kile, akaniandikia.

Jumapili ya pili yake, watu walipokuwa wamekaa chini ya mwembe, nalikisoma cheti kwa sauti, jina langu na vyote. Kisha nikawaeleza habari za wafungwa 18 wa Manila, na za wapagazi waliochimba maji mchangani. Palikuwa kimya. Mzee wetu ndiye aliyesema kwanza. Alitaka kujua ni miaka mingapi nimekunywa maji ya kisima kile; nikamwambia sita. Akauliza kama zahanati wanapima watu wazima bure. Nalimjibu sijui, ila mimi nililipa. Akasema atakwenda Jumatatu, na ya kuwa njiani atapita nyumbani kwa yule mama amwulize kama naye angependa kufuatana naye.